Twiga Stars na makundi ya WAFCON: pointi zetu zinapotelea kwa wa saizi yetu

Mzalendo wa Ipagala (mleta mada)

Mbukwenyi wanajamvi, habari za jioni.

Tangu droo ya WAFCON ya 2026, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, itoke, hapa Dodoma swali ni moja tu: Afrika Kusini tutawafanyaje? Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, tumepangwa Kundi B na Afrika Kusini, Ivory Coast na Burkina Faso. Kijiwe cha kahawa Majengo wanajadili Banyana Banyana (ndio hao Afrika Kusini), bodaboda wa Nkuhungu wanajadili Banyana Banyana, hata kwenye daladala ya kwenda UDOM nimesikia vijana wakibishana nani atamkaba nani siku hiyo. Nami nasema jicho tumelielekeza kwenye mechi isiyo yenyewe. Kwenye makundi hatutolewi na vigogo. Tunatolewa na wa saizi yetu, na hesabu ninayo.

Turudi Julai 2025 kule Moroko. Tulikuwa Kundi C na Afrika Kusini, Ghana na Mali, mechi zikipigwa Oujda na Berkane. Tukafungua na Mali, tukafungwa 1-0, goli limeingia kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni. Tukaja kwa Afrika Kusini, bingwa wa 2022. Opa Clement akatutanguliza, Bambanani Mbane akasawazisha kipindi cha pili, ngoma ikaisha 1-1. Hiyo ndiyo pointi ya kwanza kabisa ya Tanzania kwenye fainali hizi, maana mwaka 2010 tulipoteza zote tatu. Kibanda umiza nilichokuwa, pale Chang'ombe, watu walipanda juu ya mabenchi na mwenye kibanda hakumkataza mtu. Kisha Ghana wakatupiga 4-1, tukarudi nyumbani.

Sasa tazameni msimamo. Afrika Kusini 7, Ghana 4, Mali 4, sisi 1. Mali akapita kama mmoja wa washindi wa tatu bora. Na Mali huyo alipigwa 4-0 na Afrika Kusini! Kwenye mechi zote tatu alifunga mabao mawili na kufungwa matano. Sisi tulifunga mawili na kufungwa sita. Mabao mawili kwa mawili, mmoja yuko robo fainali na mwingine yuko kwenye ndege. Tofauti ni kwamba moja kati ya mawili yake alitufunga sisi, siku ambayo sisi hatukufunga kitu.

Sasa geuza mechi moja moja uone. Chukua ile sare ya Afrika Kusini uifanye ushindi wetu, mengine yabaki yalivyo. Tunapata 3, Mali ana 4, bado tunashika mkia. Yaani hata tungemfunga bingwa wa 2022 tusingevuka! Halafu acha sare yetu ibaki sare, ila mechi ya Mali tushinde sisi 1-0. Tuna 4, Mali ana 1, tunamaliza wa tatu. Senegal alipita akiwa na 3. Tungekuwa robo fainali, hata na yale manne ya Ghana.

Ndiyo maana roho inaniuma watu wanapoikumbuka WAFCON ile kwa sare ya Oujda na Afrika Kusini pekee. Mechi iliyotutoa ni ya Mali, na hakuna anayeizungumzia.

Kiungo Mkabaji

Mkuu, hesabu za "kama" huwa ni tamu kwa sababu timu nyingine zinabaki zimesimama. Tungeshinda na Mali, Mali asingecheza na Ghana vile alivyocheza. Ghana naye asingeingia siku ya mwisho na presha ileile. Mpira hauchomoi tofali moja ukaacha ukuta mwingine umesimama.

Pili, unasahau kwamba mpaka siku ya mwisho tulikuwa hai. Kabla ya mechi za mwisho Afrika Kusini na Mali walikuwa na 4, sisi na Ghana tuna 1 kila mmoja. Mshindi kati yetu na Ghana anafika 4. Kwa hiyo usiseme ilituua mechi ya Mali. Ilituua mechi ya Ghana.

Mzalendo wa Ipagala

Kiungo, hoja yako ya pili ndiyo inayonipa nguvu. Ghana usiku ule alikuwa nani? Timu yenye pointi moja, kama sisi. Alikuwa ametandikwa 2-0 na Afrika Kusini, akatoka 1-1 na Mali. Kwenye karatasi Ghana ni jina kubwa, ila kwenye msimamo tulikuwa tumelingana. Wakatangulia, Stumai Abdallah akasawazisha. Ikiwa 1-1 tulikuwa tunahitaji goli moja tu kuingia robo fainali ya kwanza katika historia yetu. Moja! Ndipo wakaongeza matatu.

Kwa hiyo mechi mbili za wapinzani wa kugombania nao nafasi, tumevuna sifuri. Mechi ya kigogo, tumevuna pointi. Tulifanya kinyumenyume.

Mwalimu wa Michezo

Naomba niingie. Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha sekondari moja mkoani hapa na ndiye ninayeshughulika na timu ya wasichana kuelekea UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kila mwaka. Sina elimu kubwa ya ukocha, ila goli lile la Mali lilinigusa kwa sababu nalijua. Nalijua kutoka kwenye uwanja wangu wa vumbi.

Wasichana wangu wanacheza vizuri sana dakika za mwanzo. Inapokaribia mapumziko unaona shingo zinaanza kugeuka. Beki wa pembeni anatazama benchi, anatafuta macho yangu, anataka kujua imebaki dakika ngapi. Kiungo anashika kiuno. Mpira ukitoka nje hakuna anayekimbilia kuurusha, na wakati huohuo mshambuliaji wa wenzetu ameshasogea nyuma ya yule beki aliyegeuza shingo. Magoli mengi tunayofungwa yanaingia hapo, na wala si kwa kuzidiwa uwezo. Mtu akili yake imeshatangulia kwenye maji ya kunywa.

Nilichofanya ni kuwakataza kuniuliza muda. Kapteni peke yake ndiye anayeruhusiwa, na anauliza kwa mwamuzi. Halafu mazoezini kipindi kinapoisha sipulizi filimbi mpaka mpira uwe kwenye nusu ya wapinzani. Wanachukia, lakini wanazoea.

Siwezi kusema dada zetu wa Twiga Stars walifungwa kwa sababu hiyo, mimi sikuwa kwenye benchi lao. Ila nikisikia watu wanasema "tulizidiwa na Mali", nauliza: goli moja, mwisho wa kipindi, huko ndiko kuzidiwa?

Mama Zabibu

Mwalimu Mungu akubariki. Binti yangu yuko kidato cha pili na anacheza namba tano. Hayo ya kugeuza shingo nimeyaona kwa macho yangu pale uwanjani kwao, nilidhani anamtafuta mama yake.

Mtoto wa Manyoni

Nimesoma uzi wote. Nampa mleta mada ushahidi mwingine ambao ameuacha, na ni wetu wenyewe.

Oktoba 2022, Serengeti Girls, Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India. Kundi letu: Japani, Ufaransa, Kanada. Nani alitupa nafasi? Mechi ya kwanza Japani akatupiga 4-0 na watu wakazima televisheni. Mechi ya pili tukamfunga Ufaransa 2-1. Mechi ya tatu tukatoka sare 1-1 na Kanada. Pointi 4, robo fainali. Tukatolewa na Kolombia 3-0, lakini tulikuwa ndani ya timu nane bora za dunia.

Mwaka huohuo Simba Queens wakaenda Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake kule Moroko. Mechi ya kwanza wakafungwa 1-0 na wenyeji AS FAR, ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa. Wakawafunga Determine Girls wa Liberia 2-0, wakawafunga Green Buffaloes wa Zambia 2-0. Nusu fainali.

Mnaona? Mara mbili tumevuka makundi, na mara zote mbili tulifungwa na yule mkubwa siku ya kwanza. Hatukulia. Tukaenda kuwachukulia pointi wale wengine wawili. Na benchi la Serengeti Girls lilikuwa la Bakari Shime, mwalimu huyuhuyu aliyewaongoza Twiga Stars 2025. Njia anaijua.

Kiungo Mkabaji

Hapo kwa Simba Queens nakubali bila ubishi. Ila Ufaransa kwa Serengeti Girls si wa saizi yetu, mkuu. Ule ulikuwa ushindi mkubwa dhidi ya kigogo.

Mtoto wa Manyoni

Kwa jina ni kigogo, sawa. Lakini Ufaransa alikuwa ametoka sare na Kanada mechi ya kwanza, Japani ndiye aliyekuwa ameshakaa kileleni. Waliobaki walikuwa watatu wanaogombania kiti kimoja. Ndivyo kundi la timu nne linavyokaa mara nyingi: mmoja anajitenga juu, watatu wanabaki wakitafunana. Ukitaka kupita, watafune hao.

Nyota ya Kondoa

Wakuu, kuna kitu kinabadilisha hesabu zote hizi na sijaona mtu amekigusa. Fainali za 2025 zilikuwa na timu 12, makundi matatu. Ndiyo maana washindi wa tatu wawili walibebwa, Mali na Senegal. Sasa hivi timu ni 16, makundi manne. Wanapita wawili wa juu tu kila kundi. Mshindi wa tatu anafunga mabegi.

Maana yake ile njia ya Mali ya mabao mawili na pointi nne haipo tena kama huduma ya dharura. Pointi 4 zinaweza kukuvusha au zikakuacha, inategemea wenzako wamefanya nini. Ukitaka kulala usingizi, tafuta 6. Na 6 kwa Tanzania zinatoka wapi? Ivory Coast na Burkina Faso.

Na kinachogombaniwa si robo fainali peke yake. Timu nne zitakazofika nusu fainali zinakwenda Kombe la Dunia Brazil 2027. Ukivuka kundi umebakiza mechi moja tu kuingia Kombe la Dunia. Sijui kama watu wanaelewa tulivyo karibu.

Mama Zabibu

Mechi moja? Yaani tukivuka kundi, tukashinda robo fainali, Brazil?

Nyota ya Kondoa

Ndiyo mama. Robo fainali ukishinda uko nusu fainali, na nusu fainali ni tiketi.

Fundi Makole

Mimi nina wasiwasi na hili neno "saizi yetu". Ivory Coast walishika nafasi ya tatu Afrika mwaka 2014 na wakacheza Kombe la Dunia 2015 kule Kanada. Sisi wakati huo tulikuwa wapi? Tusije tukawadharau watu kwa sababu tu si Afrika Kusini.

Mzalendo wa Ipagala

Fundi, shikamoo kama unanizidi umri. Kusema mtu ni wa saizi yangu si kumdharau. Ni kusema tukikutana mara tatu sijui nani atashinda. Na Ivory Coast tumeshakutana nao. Septemba 2023, kufuzu fainali zilezile za Moroko: kwao wakatufunga 2-0, hapa nyumbani tukarudisha 2-0, tukawatoa kwa penalti. Hao ndio wa saizi yetu kwa kipimo cha uwanjani, maana baada ya mechi mbili ilikuwa 2-2.

Hiyo 2015 unayoitaja, Ujerumani iliwafunga 10-0 kwenye makundi ya Kombe la Dunia. Siisemi kuwacheka, waliumia sana. Naisema kwa sababu baada ya pale walikaa muda mrefu bila kuonekana WAFCON, na ndiyo kwanza wanarudi. Sisi tumetoka huko juzi tu. Kwa uzoefu wa karibuni tunawazidi.

Burkina Faso hii ni mara yao ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa 2022, wakafungwa 1-0 na Moroko, 1-0 na Senegal, wakatoka 2-2 na Uganda. Someni hayo matokeo vizuri. Wenyeji waliofika fainali mwaka ule waliwafunga goli moja tu. Ni timu inayojua kufunga mlango. Ukienda nao kichwakichwa dakika tisini zinaisha mko sifuri kwa sifuri na wewe ndiye uliyepoteza.

Fundi Makole

Marahaba kijana. Hapo nimekuelewa.

Kiungo Mkabaji

Basi tuzungumze mpira wenyewe, tuache hesabu kidogo. Timu inayofunga mlango unaifungua kwa nini? Kwa mtu anayeweza kumpita mtu. Na hao tunao. Clara Luvanga aliyekwenda Al Nassr ya Saudi Arabia, Aisha Masaka aliyepita Häcken ya Sweden mpaka Brighton ya Uingereza, Opa mwenyewe. Nyuma kuna Julietha Singano ambaye ligi ya Meksiko imemkomaza. Hiki si kizazi cha 2010 kilichokwenda kujifunza, hawa wanalipwa na klabu za watu kwa kazi hii.

Shida ninayoiona ni kukutana. Huyu anatoka Uarabuni, huyu Amerika, wengine wengi wako JKT Queens na Simba Queens. Mechi ya kwanza ya makundi ndiyo mara nyingi inakuta timu bado inajuana. Pasi inakwenda nyuma ya mtu, kipa na beki wanaachiana mpira. Kambi ikiwa fupi, mechi ya kwanza ndiyo inayolipa gharama. TFF wakitaka kutusaidia, watusaidie kwa siku za kambi na mechi za kirafiki na timu za Afrika Magharibi, zinazocheza kwa nguvu kama tutakaokutana nao.

Mwalimu wa Michezo

Naunga mkono, na niongeze kutoka huku chini. Watu wa Dodoma tusiongee kana kwamba Twiga Stars ni kitu cha Dar es Salaam. Aprili 2023 wasichana wa Fountain Gate Dodoma walikwenda Durban wakatwaa ubingwa wa shule wa Afrika. Shule ya hapa hapa! Na Fountain Gate Princess wapo Ligi Kuu ya Wanawake.

Ila wengi ninaowafundisha mimi hawana njia hiyo. Mazoezi yangu lazima yaishe saa kumi na moja jioni kwa sababu kuna wanaokwenda kuchota maji kabla giza halijaingia. Viatu wanaazimana, anayetoka anavua pembeni ya mstari na anayeingia anavaa hapohapo, wakati mwamuzi anasubiri. Nimeshaona msichana ananing'iniza mguu kwenye kiatu kinachomzidi namba mbili na bado anapiga krosi inayofika. Siandiki haya kuomba huruma. Naandika kwa sababu mabao mawili ya kufunga kwenye mechi tatu hayatibiwi kambini Moroko. Yanatibiwa huku, na anayepiga krosi kwa kiatu cha kuazima leo ndiye tutakayemhitaji fainali zijazo.

Mama Zabibu

Mwalimu nitumie ujumbe pembeni. Vyama vya kina mama sokoni tuna utaratibu wetu wa mchango, viatu havitushindi.

Mtoto wa Manyoni

Heko mama.

Nina swali kwa wajuzi. Tukilingana pointi na mtu, wanaangalia nini kwanza? Mabao au mechi tuliyokutana?

Nyota ya Kondoa

CAF wanaanza na matokeo ya nyie kwa nyie. Mkiwa mlitoka sare, ndipo wanakwenda kwenye tofauti ya mabao ya kundi zima. Hii inaongeza uzito wa hoja ya mleta mada. Ukimfunga Burkina, umepata pointi tatu na pia umejiwekea kwamba mkilingana naye wewe uko juu. Ukifungwa naye, kinyume chake. Chukua 2025: hata tungemfunga Ghana siku ya mwisho tukafika 4 sawa na Mali, Mali angekaa juu yetu kwa lile goli moja la Berkane.

Kiungo Mkabaji

Kwa mantiki hiyo mechi ya Afrika Kusini tuwapumzishe Opa na Clara, nguvu zote ziende kwa hao wawili?

Mzalendo wa Ipagala

Hapana ndugu yangu, huko umekwenda mbali. Mechi ya Afrika Kusini tunaicheza na kikosi kamili, na tunaicheza kwa kukataa mabao mengi. Kuna timu ilimaliza makundi 2025 na pointi 7 bila kufungwa mechi hata moja, Zambia. Moroko naye alikuwa na 7. Walipokutana walitoka 2-2, kwa hiyo ikaamuliwa kwa tofauti ya mabao: Moroko alikuwa na matatu ya ziada, Zambia mawili. Goli moja tu. Moroko akaongoza kundi, akapewa Mali robo fainali, akashinda 3-1. Zambia akashika nafasi ya pili, akapewa Nigeria. Akafungwa 5-0.